Milango ya Koplo Inafunguka kwa Nje

Wapwa zangu, mimi mjomba wenu sijashindwa na kitu duniani isipokuwa shule, na hata shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Kwa hiyo mkiona nimeandika habari ya kunivua nguo, jueni imenikaba kooni.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliingia jeshini ndevu hazijamtoka vizuri, akatoka baada ya miaka kumi na mmoja na begi la turubai na cheo cha koplo. Tulingoja atupigie hadithi za risasi. Wapi! Alinunua randa na msumeno, akaenda kujifunza useremala kwa mzee mmoja kiziwi. Kumbe alitaka mtu asiyeuliza maswali.

Akawa fundi kweli. Droo zake unazisukuma kwa kidole kimoja. Ila milango yake yote ilifunguka kwa nje. Ukimwambia unataka ufunguke kwa ndani, anakurudishia mbao zako. Mimi nikambandika jina: Koplo Nyuma Geuka. Nikipita karakana nilipiga saluti na kupaza sauti, "Nyumaaa, geuka!" Wateja wanashika mbavu. Yeye anapiga randa tu.

Basi nikamtafutia kazi kwenye shule ya chekechea, darasa lenye mlango mmoja na madirisha ya nondo. Akaupachika mlango Ijumaa, kwa nje kama kawaida yake. Jumamosi mwalimu mkuu akaniita.

"Shemeji yako ana nini? Mlango unaziba kibaraza, umeshanigonga kiwiko. Asipougeuza, kazi ya madawati namtafutia mwingine."

"Mama, hapa umempata mwenyewe," nikasema. "Unadhani nani alimfundisha kushika nyundo?"

Uongo mtupu. Lakini madawati yalikuwa sitini, na dada yangu alikuwa ameshazipangia mambo pesa za kazi hiyo. Jumapili nikachukua patasi za shemeji bila kumwambia, nikahamisha bawaba, nikaitafuna ile fremu kama panya. Mlango ukafunguka kwa ndani, unalia kidogo, lakini unafunguka.

Jumatatu asubuhi, kabla watoto hawajafika, Koplo akaja kuweka komeo. Nilikuwa nimeshafika, nangoja sifa.

"Shemeji, nimekuokoa!"

Akausukuma mlango. Akauvuta. Akaingia ndani, akashika nondo za dirisha moja moja. Kisha akaketi kibarazani.

"Watoto wangapi humu?"

"Arobaini. Kwani vipi?"

"Kambini nilikuwa zamu ya lindo," akasema. "Mchana, kuruta wamelala bwenini baada ya mazoezi ya usiku. Moto ukaanza. Madirisha yana nondo kama haya, mlango ni mmoja wa kufunguka kwa ndani, nao wote wakaurukia kwa pamoja. Mimi nasukuma huku, wao wananisukuma kule. Nikawaambia rudini nyuma. Nani arudi nyuma, shemeji? Nikakimbilia shoka. Niliporudi nalo, hakuna aliyekuwa anasukuma tena."

Nikakosa pa kuweka mikono. Miaka yote ile, wapwa zangu, nimemsimamia mlangoni nikimwamuru ageuke nyuma.

"Dada anajua?"

"Anajua. Nilimkataza asiseme. Naona aibu. Labda ningesukuma kidogo tena."

Nilichukua bisibisi nikaanza kuzitoa bawaba. Jasho linanitiririka, skrubu zinanidondoka. Hakunisaidia. Baadaye, nilipoanza kuchonga fremu upya, akaninyang'anya patasi, akanipa nyingine. "Hiyo ni kubwa mno. Utamaliza ukuta."

Mwalimu mkuu akatukuta hapo. Nikamwambia kwamba sikumfundisha huyu mtu kitu hata siku moja, na mlango unarudi nje, na kama anataka kukasirika akasirike na mimi. Koplo akamweleza sababu kwa sentensi mbili, macho chini. Mama wa watu akatazama zile nondo, akajisugua kiwiko.

"Kiwiko kitapona," akasema. "Na madarasa mengine, fundi, utaniangalizia?"

Kazi ya madawati Koplo aliipata. Mlango uko palepale, na makovu yangu yako kwenye fremu, amekataa kuyaziba.

Ila lile jina ndilo limenishinda kulirudisha. Mtaa mzima unalo, hata watoto, naye anaitika. Jana mteja mgeni aliniuliza, "Mzee, karakana ya Nyuma Geuka iko wapi?" Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kupumzika, nikamwonyesha kwa kidole tu.