Walitoa bati chini ya gari-nyumba, nikaungua mimi, wakasema ni sigara

Wakuu, nianze na moto, salamu zitafuata.

Tuko kwenye mlima wa kuelekea Chemba, mimi nimeshika usukani, moto unawaka katikati ya viti. Siyo mbele kwenye boneti. Lile gari injini yake ilikaa ndani, kati ya dereva na abiria, imefunikwa na kitu kama sanduku. Siku hiyo kifuniko hakikuwepo, na petroli inanitiririkia mkono wa kushoto huku inawaka.

Fundi aliyekaa kiti cha pembeni alisharuka. Bosi alikuwa amejilaza kitandani kule nyuma, akatokea mlango wa nyuma na begi lake. Begi hakulisahau, mjue.

Mimi nikiachia breki ya mguu gari linarudi nyuma, na nyuma kuna watu wanatoka mnadani na mbuzi wao. Handbreki ilikuwa pambo tu. Ikabidi nikae na ule moto, naachia breki kidogo kidogo huku nakata usukani, mpaka tako la gari likaegemea ukingo wa barabara.

Sasa shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Shule sikuimaliza, kwa hiyo anayetaka kusahihisha herufi akasahihishe kwao. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mkono ninao.

Ilikuwa enzi za ruksa. Nyie vijana hamuwezi kuelewa. Kila mwenye vijisenti amekuwa bosi, kila mwenye spana mbili amekuwa injinia.

Bosi wangu aliitwa Rajabu, mfanyabiashara wa Majengo hapa Dodoma. Kulikuwa na wazungu wa visima waliokuwa wanarudi kwao, wakaacha gari-nyumba lao. Kuukuu, la petroli, lakini ndani kuna kitanda, sinki, kabati la nguo, hata pazia. Rajabu akalichukua, akatoa viti vya nyuma, akajaza mitumba na makreti ya soda. Likawa duka la kuzunguka minadani. Chemba, Kondoa, popote penye ng'ombe na watu.

Mimi dereva. Na niseme ukweli, gari lilipokuja lilikuwa zima. Linanguruma kama limeshiba.

Tatizo lake moja tu, kulikuwa na bati chini linagongagonga. Lilikaa kati ya bomba la ekzosi na kibomba cha mafuta. Skrubu zimelegea, basi, kwenye ile barabara ya vumbi linapiga kelele.

Rajabu akaita fundi wake, Yustino. Huyu bwana alikuwa anavaa miwani ya jua chini ya gari. Naomba mlitafakari hilo.

Akaingia uvunguni, akatoka na bati mkononi.

"Hili la Ulaya, bosi. La kukinga theluji. Huku theluji utaitoa wapi?"

Rajabu akacheka mpaka akakohoa. "Lipeleke nyumbani, mama watoto akingie upepo kwenye jiko."

Upepo wa Dodoma mnaujua. Bati likaenda kwenye jiko.

Safari iliyofuata, jua kali, tunapanda mlima, gari likakohoa, likazima. Tukakaa pembeni. Likapoa, likawaka lenyewe. Tukarudi nalo mjini.

Yustino akabadilisha plagi. Mlimani likazima, likapoa, likawaka. Akabadilisha platini na kondensa. Mlimani likazima, likapoa, likawaka. Kila likiwaka anajipiga kifua kwamba kalitengeneza. Mkuu, kama kupoa ni ufundi basi hata uji una gereji.

Nikamwambia, kaka Yustino, gari hili lilikuwa halizimi kabla ya lile bati kutoka. Sikujua sababu, nilijua tu lilianza lini.

Akamgeukia Rajabu. "Bosi, umeajiri dereva au mganga? Anasema gari linaumwa bati."

Rajabu akaniambia, "Wewe kazi yako usukani. Kichwa mwachie mwenye nacho."

Basi wakaja na dawa ya mwisho. Kwanza Yustino akazungusha distributa kuongeza taimingi, yaani cheche za plagi ziwahi, anasikiliza kwa sikio, eti gari lipate hasira ya kupanda. Kuanzia hapo injini ikawa inapiga chafya kupitia kabureta, pale petroli inapoingilia. Unaona kabisa kimwale cha moto kinachungulia juu.

Halafu wakatundika dumu la petroli. Wazee wa barabarani mnaijua hii. Pampu ikigoma unaweka dumu juu, unashusha mpira mpaka kwenye kabureta, mafuta yanajitiririsha. Watu wamefika mbali hivyo, sibishi. Ila wao wanaweka juu ya paa, nje.

Hawa waliligongea msumari ndani, kwenye ubavu wa kabati la nguo, nyuma ya bega langu. Mpira ukapita pembeni ya kiwiko changu. Na kifuniko cha injini wakakitoa ili Yustino awe anaubana mpira kwa vidole, anapunguza na kuongeza kama anakamua ng'ombe.

Injini inapiga chafya za moto, na sisi tunainywesha petroli kwa mkono. Nilisema siendeshi. Rajabu akajibu waliotaka usukani ule walikuwa wengi. Nilikuwa na mke mjamzito. Nikapanda.

Kilichofuata nimeshawasimulia. Injini ilipiga chafya moja kubwa, Yustino akashtuka, akauachia mpira. Wale wenye mbuzi ndio walionivuta nje na kumwaga mchanga. Sikuwahi kujua majina yao.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki mpaka leo. Gia sikuweza kushika tena.

Hospitali, Rajabu akaja na soda. Nesi akauliza moto ulianzaje. Akajibu nimelala pale pale nasikia, "Dereva alikuwa anavuta sigara."

Mimi sijawahi kuvuta sigara. Yustino akaitikia kwa kichwa. Habari ikaenea Majengo yote, na hakuna aliyenipa hata kazi ya kuosha magari. Nani anataka mtu anayevuta sigara kwenye petroli?

Nilipopata nafuu nilikwenda kwa Rajabu kuomba aniseme vizuri kwa watu. Hakutoka. Uani mkewe anakaanga maandazi, jiko limekingwa na bati langu. Nikalishika. Upande mmoja lilikuwa limeungua jeusi kwa ekzosi, upande wa pili, ule uliokuwa unatazama kibomba cha mafuta, rangi bado inang'aa.

Hapo ndipo nilielewa. Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye kibomba, yanageuka mvuke, injini inakosa cha kunywa. Kwa sababu ya maandazi.

Funzo: fundi akikwambia kitu ni cha Ulaya hakina kazi huku, mshike shati akuoneshe kilikuwa kinatenganisha nini na nini. Akishindwa, kirudishe.

Nasikia Rajabu sasa ni mzee mheshimiwa, anasuluhisha ndoa za watu. Yustino yuko Zuzu, anafundisha vijana ufundi, Mungu awasaidie. Watoto wao wamo humu jukwaani, wawasomee.

Wengine karibuni mchangie, hata mkinicheka sawa. Ila kuna jibu moja ninalolisubiri kutoka kwa hawa wawili.

Mkono wa kulia ulikuwa kwenye usukani. Wa kushoto ulikuwa unaungua. Hiyo sigara niliishika kwa upi?