Upenyo wa Vidole Viwili

Shangazi hushona vitambaa vya kuwekea sahani mezani, kila mtu wa nyumba hii na chake. Hushona vipande viwili ndani nje, huacha upenyo wa vidole viwili, kisha hukigeuza kitambaa kupitia hapo. Fundi mwingine angeuziba upenyo siku hiyohiyo. Yeye huuacha. Ukimuuliza, hukata uzi kwa meno na kusema, “Mtu bado anaingia na kutoka, nimfungie mlango?” Tulikuwa tukicheka kwamba mvivu hakosi sababu. Kisha akakiziba cha babu Jumatatu, babu mzima kabisa, anagombana na chumvi, Alhamisi tukamzika. Cha mumewe vilevile. Vyote viwili bado huvitandika kila mchana, mahali pao, na kuvinyoosha kwa kiganja.

Mimi tangu utotoni hula huku kidole changu kimejificha ndani ya upenyo wa kitambaa changu. Leo kidole kimepapasa ukingo wote, pembe hadi pembe, kikakuta mishono midogo, mipya. Nikainua macho. Shangazi, ambaye hajawahi kumwongeza mtu nyama, alikuwa ananiongeza.

“Kula, mwanangu,” akasema. “Leo usiharakishe.”