Jaketi Lilibaki Kwenye Kiti

Kosa ni langu. Naliandika hilo kwanza, kabla sijapata nafasi ya kulizunguka. Si la dada yangu. Si la ukungu wala la lile lori. Ni langu mimi, na naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanichukia.

Mimi ni msichana. Nilipomaliza darasa la saba nilitoka kwetu Bonga nikaja kukaa kwa dada yangu hapa Babati mjini, nimsaidie kulea. Tangu utotoni nina aibu. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, ulimi unalala. Nyumbani walinitania kwamba kuku akiingia jikoni nitamwomba samahani yeye. Walicheka, na mimi nikacheka. Sikujua kwamba aibu inaweza kumwaga damu.

Dada anaitwa Mama Elia. Elia alikuwa anakaribia miaka mitatu, mashavu tele, mbishi, na aliniita Mama Do kwa sababu neno "mdogo" lilimshinda. Baba yake ni dereva wa ofisi, mmoja wa wale waliopata kazi Babati ilipofanywa makao ya mkoa mpya. Shemeji ni mtu mkali. Mkono wake hutangulia mdomo wake.

Bosi wake mmoja alipohama alimwachia kiti cha mtoto cha kwenye gari, kile chenye mikanda miwili inayopita mabegani na kukutana tumboni. Shemeji alikipenda kile kiti kuliko makochi ya sebuleni. Akakifunga kwenye gari lake dogo kuukuu, akatuita, akatufundisha kama mwalimu.

"Mtoto avae nguo zisizotuna. Mkanda ukaze, ushike mwili wake, siyo ushike nguo. Halafu ndiyo blanketi, juu ya mkanda. Mmenielewa?"

"Ndiyo, shemeji," nikasema. Na nilielewa kweli! Hilo ndilo linaloniuma. Siwezi kusema sikuambiwa.

Majirani walikuja kushangaa. Mama Neema wa nyumba ya pili akashika kiuno. "Jamani, mtoto kafungwa kama mbuzi wa mnadani! Mnampeleka kuuza?"

Elia akamjibu, "Mee!" Tukacheka wote.

Safari yetu ya kwanza na kiti kile ilikuwa ya kwenda kwa bibi yake, mama mzazi wa shemeji, kule juu Bashanet. Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua baridi ya Bashanet haniulizi. Njiani Elia alilipiga teke blanketi likaanguka, mimi nikiwa nimesinzia. Tulipofika, bibi alimpokea, akamshika mikono ikiwa baridi, akamwinua mbele ya wanawake waliokuja kutusalimia.

"Hiki mlichoniletea ni nini? Kifaranga kilichonyeshewa! Na huyu binti kazi yake ni nini, kula?"

Wanawake wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Lazima uelewe kwetu watu wanavyopima. Mtoto anayetunzwa anajulikana kwa nguo. Masweta mawili, kofia ya kufuma, soksi, na shuka juu ya yote hayo, mpaka zibaki pua na macho. Mtoto ambaye shingo yake inaonekana ni mtoto asiye na mtu. Wala hawamsemi mama yake, wanamsema mlezi. Siku ile niliapa moyoni kwamba bibi yule hataniaibisha tena.

Kwa hiyo baridi iliyofuata ilipokaribia nilikwenda mnadani, kwenye marundo ya mitumba, nikachagua jaketi la buluu lililojazwa sponji. Lilikuwa limetuna kama mto wa kulalia! Zipu yake ilikuwa mbovu, lakini nilipoingiza mkono ndani nilisikia joto kama la jikoni. Nikalificha kwenye mfuko wa nguo za Elia. Sikumwonyesha shemeji. Kama kweli ningeona halina kosa, ningelificha kwa nini?

Tukaondoka asubuhi. Shemeji kwenye usukani, dada kiti cha mbele, mimi nyuma na Elia. Tulisimama Dareda kabla ya kupanda mlima. Shemeji akashuka kutazama tairi lililokuwa likimtia wasiwasi. Dada akamtoa Elia kwenye kiti chake, akampakata kule mbele, akampa uji. Alipomaliza akanirudishia.

"Mfunge vizuri. Unamjua baba yake."

Nikalitoa jaketi. Elia akapanua macho. "Mama Do, jaketi kubwa!"

"Tulia. Bibi atakuona umependeza."

Nikamweka kitini, nikavuta mikanda. Haikukutana. Nikavuta tena, nikaikandamiza sponji kwa goti, ikagoma. Hapo nilitakiwa kufungua mdomo niseme maneno mawili tu: "Mkanda haufungi." Shemeji angegomba, ningelia, yangeisha. Lakini nilimwona anarudi huku anajifuta mikono, nikaogopa. Nikailegeza mikanda mpaka mwisho wake. Ikafunga. Nikatandaza blanketi juu ili asione.

Shemeji akaingia. "Amefungwa?"

"Ndiyo."

"Umekaza?"

"Ndiyo, shemeji."

Tukapanda. Ukungu ulishuka mzito, shemeji akawa anaendesha huku ameinama mbele. Elia alikuwa anaimba wimbo wake usio na maneno. Kwenye kona moja lori likatokea kwenye ule weupe, halina taa, liko katikati ya barabara. Dada alipiga kelele, "Yesu!" Shemeji akakata usukani kuelekea ukuta wa mlima.

Tuliuparamia. Mlio ule sijaupatia jina. Chuma, kioo na mfupa, vyote kwa pamoja. Kichwa changu kiligonga kiti cha mbele, mdomo ukajaa damu.

Nilipofumbua macho nikamtazama Elia. Jaketi lilikuwa pale pale kwenye kiti. Mikanda imefungwa, kifungio kimefungwa, mikono ya jaketi imeinuka juu kama ya mtu anayeomba asipigwe. Ndani yake hapakuwa na mtoto.

Alikuwa amechomoka! Sponji ilikandamizwa, mkanda ukabaki hauna cha kushika, mtoto akaruka katikati ya viti viwili vya mbele akapiga uso kwenye kioo. Alikuwa amelala kwenye vipande vya kioo mbele ya mama yake, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa wazi. Sitaandika zaidi. Dada alikuwa akimwokota huku akiunguruma kama ng'ombe anayechinjwa.

Na mimi nilifanya nini? Kosa langu la pili ndilo hili, na nalichukia kuliko la kwanza. Nilifungua kifungio, nikalivuta lile jaketi, nikalisokomeza ndani ya mfuko. Mtoto anakata roho mbele yangu, mimi nakimbilia kuficha nguo!

Pikapu iliyopita ilituchukua ikatupeleka hospitali. Elia akaingizwa ndani, sisi tukabaki kwenye korido. Shemeji alikuwa na damu inayomtiririka kwenye paji, anakwenda na kurudi. Ghafla akasimama mbele ya dada.

"Mikanda ilikuwa wazi. Nimeiona kwa macho yangu. Ulimpakata!"

"Sikumpakata, Baba Elia! Nilimrudisha pale Dareda. Mwulize huyu, ndiye aliyemfunga!"

Akanigeukia. Sauti yake ilishuka. "Wewe. Dada yako alimtoa tena mtoto kwenye kiti?"

Nilitazama miguu yangu. Mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine hauna. Dada alikuwa akinisubiri, namsikia anavyohema. Nikanyamaza.

"Umeona?" shemeji akasema. "Hata mdogo wako anaona aibu kukusema."

Akampiga ngumi ya mdomo. Dada aligonga ukuta kwa kisogo, akateleza chini, naye akamfuata chini kwa mateke, ya mbavu, ya tumbo, ya mikono aliyojifunikia. "Umeniulia mtoto! Umeniulia mtoto!" Wanaume watatu wakamvuta, akawaburuta wote, akapata nafasi ya teke jingine. Dada alitema jino kwenye kiganja chake, akalitazama, kisha akanitazama mimi.

Nikanyamaza tena.

Elia hakufa. Mungu alimrudisha bila jicho la kulia, na kovu linaloanzia kwenye nyusi mpaka kwenye mdomo. Tuliporudi nyumbani shemeji alikuwa akimtazama mtoto, kisha anamtazama mke wake, kisha anavua mkanda wa suruali. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Mama Neema, yule wa utani wa mbuzi, ndiye aliyeruka uzio siku moja na mwiko wa ugali mkononi akamnasua dada mikononi mwa shemeji. Dada akambeba Elia, tukakimbilia kwa mama yetu Bonga.

Huko dada aliniuliza mara moja tu. "Si nilikupa umfunge? Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Nafikiri kiti kilifunguka chenyewe."

"Basi kilikuwa kibovu," akasema. Aliniamini! Akanipa na Elia nimbebe.

Siku moja nikiwa natwanga mahindi uani, shemeji akaja na kaka yake. Hakusalimia mtu. Alisema mama anayeua mtoto hakai na mtoto, na kwamba amekuja kumchukua Elia moja kwa moja. Dada akamkumbatia mwanawe. Shemeji akashika mkono mmoja wa mtoto akavuta. Dada akashika mwingine. Elia alilia mpaka sauti ikakatika. Mama yetu akachukua mchi wangu akamtwanga yule kaka begani, akaanguka juu ya sufuria la makande, moto ukatawanyika. Dada aling'ata mkono wa shemeji mpaka damu, naye akaanza kumpiga usoni kwa ule mwingine, haachii, mtoto akiwa katikati yao kama kitambaa kinachochanwa.

Nikaona wazi. Wanampasua tena, na ni mimi tena.

Nikakimbia ndani, nikalitoa jaketi chini ya kitanda, nilikolificha tangu tulipokimbia kutoka Babati. Nikarudi nikapiga kelele ambayo sikujua kama ninayo. "Ni mimi! Mwacheni, ni mimi!"

Walisimama. Nadhani walishangaa tu kusikia sauti yangu.

Elia alipoliona jaketi alificha uso kifuani kwa mama yake. Kwa hiyo nilikivika kinu. Nikakizungushia lile jaketi lenye damu ya mdomo wangu iliyokauka, nikavua kanga yangu nikaifunga juu yake kwa nguvu zangu zote.

"Shemeji, shika. Imekaza?"

Hakuelewa, lakini alishika akavuta. "Imekaza."

Nikalichomoa jaketi kutoka chini ya kanga. Kanga ikaporomoka yenyewe mpaka chini ya kinu, ikalala kwenye vumbi.

"Hivyo ndivyo nilivyomfunga Elia," nikasema. "Jaketi lilibaki kwenye kiti, nikalificha. Dada hakumtoa tena."

Alinipiga. Sikumbuki ngapi. Nakumbuka sikio la kushoto lililia kama filimbi, na mpaka leo linalia. Nakumbuka hakuna aliyemzuia, na sikutaka azuiwe.

Alipochoka akamgeukia mke wake. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mama Elia. Twende nyumbani."

Dada akainua mdomo wake wa juu, akamwonyesha pengo. "Huyu alinyamaza. Lakini mkono ulikuwa wako. Toka kwa mama yangu."

Shemeji akaondoka. Dada akaokota kanga yangu, akaikung'uta vumbi, akanipa. Nikadhani ananisamehe.

"Jioni isikukute hapa," akasema.

"Dada..."

"Usiniite hivyo."

Sasa naishi Sigino, nalima kwa watu. Juzi nilikwenda mnadani nikawaona. Elia amekua. Alikuwa amevaa sweta jepesi la kubana, na mama yake amebeba blanketi begani. Aliniona. Aligeuza kichwa chote, kwa kuwa jicho ni moja, akaita, "Mama Do!" Dada hakunitukana. Alimshika tu mkono akamhamishia upande wake wa pili, ili mimi nibaki upande usio na jicho.

Ndugu zangu mnaosafiri na watoto kwenye baridi hii, nawaomba. Jaketi nene livuliwe kabla ya mkanda. Mkanda ushike mwili, blanketi lije juu. Mkifika, mvalisheni hata magunia, na bibi aseme anachotaka.

Na wewe binti mwenye aibu kama mimi, unayekaa nyuma na mtoto wa mwenzio: mkanda usipofunga, sema haufungi. Sema kwa sauti, gari lote likucheke, baba mwenye gari akutukane mpaka mwisho wa safari. Mimi nilijibu "ndiyo" mara mbili, na siku hizi hakuna anayeniuliza kitu.