Leseni ya Abdu na Leseni ya Tombo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai ya baba, ndefu mno, ikachovya ncha yake kwenye kidau cha wino kabla sijaandika hata neno moja. Ilikuwa Mahajanga, mji wa bandari wa Madagaska, miaka ya mwanzo ya uhuru, katika ofisi ya michezo ya shule na vyuo. Mkaguzi wa Michezo, Mfaransa aliyebaki wenzake walipoondoka, alinikabidhi muhuri, daftari na kioo cha kukuzia maandishi. Akasema: "Wachezaji wanakimbia, karani anakaa. Siku ukijikuta unakimbia, ujue umekosea."

Nilikuwa karani wa leseni. Leseni ni kadi yenye picha, inayomruhusu mwanafunzi kuchezea chuo chake. Masharti makubwa yalikuwa mawili: awe anahudhuria darasa, na asizidi miaka ishirini na moja. Umri ndio uliotutoa jasho. Wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, kwa hiyo wazee wao walikwenda mahakamani na mashahidi, hakimu akakadiria mwezi na mwaka. Mashahidi walikuwa wakarimu. Niliwahi kupokea mchezaji wa miaka kumi na saba mwenye upara.

Nikahamishiwa kisiwa cha Nosy Be. Chuo kimoja cha Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, kilikuwa na ndugu wawili, Abdu golikipa na Saidi winga. Hati zao zilikuwa safi, kila moja peke yake. Nilipoziweka pamoja nikaona kwamba mama mmoja alimzaa Abdu mwezi Machi na Saidi mwezi Juni, mwaka uleule.

Nilikwenda kijiji cha Marodoka kumwona mama yao, nikamweleza jambo hilo kwa Kimalagasi. Alinikaribisha mkekani.

"Basi mmoja wao alikuwa na haraka sana," alisema.

Nikamuuliza nani mkubwa, na kwa kiasi gani. Akajibu bila hila yoyote kwamba Saidi alipozaliwa, Abdu alikuwa akimletea kuni. Nikaandika: mtoto wa kubeba kuni hapungui miaka mitano; Saidi ana kumi na minane, basi Abdu amepita ishirini na moja. Jioni ileile nikafuta leseni ya Abdu, nikapiga muhuri kwa furaha, maana lilikuwa kosa la kwanza nililolikamata mwenyewe.

Abdu hakubisha. Alikuwa mwanafunzi kwelikweli, wa mbele darasani. Umri ulipunguzwa ili shule impokee. Aliniletea jezi yake imefuliwa na kukunjwa. Timu ikafungwa mabao sita, na kwa miezi mingi watu wa Hell-Ville waliitikia salamu yangu kama mtu anayejibu mluzi wa mbali.

Niliporudishwa Mahajanga, Mkaguzi alikuwa amesharudi kwao. Nafasi yake aliishika Mkuu wa Michezo, Mmalagasi mwenzetu, mpole, mpenda kandanda. Msimu ule fainali ikawakutanisha chuo kimoja cha Mahajanga na chuo kilekile cha Hell-Ville. Upande wa Mahajanga alikuwako mshambuliaji aliyeitwa Tombo. Siku moja nikamwona akishuka kwenye pousse-pousse, kile kigari kinachokokotwa na mtu, mbele ya uwanja, akimkabidhi mkewe mtoto anayenyonya.

Nilikwenda chuoni na picha yake. Mwalimu wa darasa aliitazama sana, kisha akaniuliza kwa adabu kama huyu ndiye mwalimu mpya wa hesabu. Kumbe Tombo alikuwa mpima mizigo ghalani bandarini. Na alikuwa shemeji wa Mkuu wa Michezo.

Hapo ndipo bidii yangu ilipopata homa. Siku ya kwanza nilisema nihakikishe tena. Siku ya tatu nikapanga upya kabati la faili. Siku ya sita nikakumbuka kwamba tai yangu inahitaji kufuliwa. Siku ya tisa, ikibaki moja tu kabla ya fainali, ndipo nilipoingia kwa Mkuu.

"Karatasi zake ziko sawa," aliniambia bila kuinua macho.

"Za Abdu wa Nosy Be nazo zilikuwa sawa, Bwana Mkuu."

Aliweka kalamu chini, akafunga faili lililokuwa mbele yake. Nilimfikiria mke wangu, na kazi ambayo huenda ningeikosa kesho yake. Mwishowe akasema, "Andika. Lakini saini ni yako peke yako."

Nikasaini. Kisha nikaenda ghalani kumpa Tombo barua, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Aliisoma mara mbili, akaketi juu ya gunia akakunja suruali kunionyesha magoti yaliyovimba kama mafenesi.

"Karani," alisema, "nina miaka thelathini na moja. Shemeji haniachi nipumzike. Kwa nini umechelewa hivi?"

Mahajanga ilishinda bila yeye, mabao mawili kwa moja. Watu wa Nosy Be hawakuwa na la kulalamikia, na Mkuu alihutubia kwa kirefu juu ya haki inayotendeka ofisini mwake. Mimi hakuna aliyenitaja.

Nimestaafu sasa, na vijana wa kazi hii huniuliza kama niliwahi kupendelea. Huwaambia waangalie daftari: wachezaji wawili, vyuo viwili, adhabu moja. Halafu nawaeleza kisichoandikwa humo. Abdu, aliyekuwa akisoma, nilimfuta kwa jioni moja. Tombo, ambaye hata darasa lake hakulijua, ilinichukua siku tisa kumfuta.