Aliyefuta Majina Mapanga Yakiwa Mlangoni

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kasulu kwamba yule dada mtaalamu wa kompyuta, binti wa familia iliyotoka Burundi zamani na kupata uraia wetu, amefariki. Ini limemmaliza. Nilipata hasira kabla ya machozi, maana aliyenusurika panga nilidhani ataachwa azeeke. Mniwie radhi wasomaji wangu, leo utani ni mchache.

Nilimfahamu mwaka 2015, watu wakivuka mpaka wa Burundi kwa wingi pale Mabamba. Alikuwa ameandika programu kwa ajili ya ofisi ndogo ya msaada wa sheria mjini Kibondo, ambako waliokimbia walieleza nani aliwaua ndugu zao. Hifadhidata ilikaa ndani ya programu yenyewe, kwenye kompyuta yake, na kompyuta ya chumba cha pili iliingia humo kwa waya. Siku ya kwanza nilimkuta akimkaripia mwenzake, Muha wa Kasulu, aliyelifuta faili la majaribio kwa mkono, akatamba kwamba kazi imekwisha. Dada aliiwasha programu na majina yote yakarudi, kwa sababu mafaili yanayotunza kila badiliko yalibaki pembeni, yakajenga upya kilichofutwa. “Kaka, hapo hujafuta, umeficha tu,” alimwambia. “Kwanza wote mtoke humo, halafu programu yenyewe ndiyo iamriwe kufuta, faili na mabaki yake. Mmoja akiwa bado amefungua, itakataa.” Jamaa akacheka, akasema dada huyu ana kelele kuliko mashine ya kusaga.

Asubuhi moja wakaja wanaume wenye mapanga, baadhi yao wakiwa wametajwa humo. Walimvunja mlinzi taya getini, wakaanza kuukatakata mlango. Walitaka kujua nani amesema, ili wakamalize walichokianza. Dada akatoa amri ya kufuta, ikakataa. Katika chumba cha pili mwenzake alikuwa bado akiandika maneno ya bibi mmoja aliyekuwa akiwataja wanawe waliochinjwa, na huku kwetu anayewataja wafu wake hakatizwi, hata nyumba ikiungua. “Funga!” dada alipiga kelele. “Bado anasema, dada!” Mlango ukapasuka. Panga la kwanza lilimwingia begani, damu ikatapakaa kwenye skrini, naye hakuiachia kibodi. Ndipo bibi mwenyewe akasema, “Oya, hapana, mwanangu, usinisubiri. Funga. Nitasema tena.” Kijana akafunga, akamvuta bibi nje kwa mlango wa nyuma. Dada akarudia amri, safari hii ikapita. Walimpiga mateke mpaka mbavu zikavunjika, wakamkanyaga mkono uliobonyeza, wakaondoka na kompyuta isiyo na jina hata moja. Polisi walimkuta akitema damu, akiuliza kama bibi ametoka salama.

Nawachukia watu wale hadi leo, sitajifanya mstaarabu. Lakini yapo yanayonikera hata kwa sisi wema. Tunapenda mno kukusanya habari za wanyonge: jina, kijiji, nani kafiwa na nani. Hatujiulizi tutayaondoaje majina hayo siku yakitafutwa na muuaji. Dada huyu alijiuliza kabla hajaingiza jina la kwanza, na ushahidi aliouteketeza ulikuwa jasho lake mwenyewe. Anayepewa siri za watu ajue kuzitunza, na ajue pia kuziangamiza vizuri.

Tulimzika kijijini Heru Juu. Baada ya kaburi kufukiwa, yule bibi alisimama kwa fimbo yake, akaanza kuwataja wanawe tangu mwanzo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na namna alivyouawa. Jua lilikuwa kali na padri alikuwa na safari, lakini hakuna aliyemkatiza. Alipofika mwisho akalitaja na jina la dada, kama mmoja wa wanawe.