Chai ya Kumzika Susu

Kabla ya kuingia dini ya Wamormoni, mama yangu, Syokau, ndiye aliyepika chai katika matanga yote ya upande wetu wa Kalamba. Mtu akifa, kabla hata mbao za jeneza hazijatafutwa, ungesikia, "Mwiteni mama Mutindi na sufuria yake." Mutindi ni mimi. Mama alipima majani ya chai kwa kiganja tu na hayakupungua wala kuzidi. Akishaepua, alijimiminia kikombe cha kwanza, akanywa mbele ya watu, ndipo wengine wakanywa. Kwetu ni hivyo. Anayepikia umati lazima aonje wakimwona, wajue hakutia kitu.

Baba yangu, Kiema, alikufa mtoni akichimba mchanga wa kuuza. Ukingo ulimwangukia. Mimi nilikuwa darasa la tano na shule yangu iliishia hapo. Mama alikaa na swali moja tu. Siku moja baada ya ibada alimuuliza pasta, "Nikifika mbinguni, Kiema atakuwa bado bwanangu?" Pasta akamwambia huko hakuna kuoana, sote tutakuwa kama malaika. Mama alisema asante, akarudi nyumbani, akalala na nguo zake za kanisa.

Jonah, anayeshona viatu sokoni, alikuwa amebatizwa na Wamormoni akiwa Nairobi. Ndiye aliyemwambia kwamba kuna hekalu ambako mume na mke huunganishwa milele, hata kama mmoja ameshakufa. Hekalu lenyewe liko Afrika Kusini. Mama hakuuliza nauli. Aliuliza aanze na nini.

"Utaacha pombe, sigara, kahawa na chai," Jonah akasema.

"Pombe sijawahi." Mama akaitazama sufuria yake. "Chai pia?"

"Chai pia, dada."

Aliacha siku aliyobatizwa. Asubuhi alichemsha maji na maziwa, akatia sukari, akashika kikombe kwa mikono miwili kama zamani. Mimi nilimwona akikinusa.

Watu walisema mengi. Kwamba hao hawana msalaba. Kwamba ni dini ya kuoa wake kumi, na hapo mama Kavata, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu la zamani, akacheka: "Wazee wa hapa wanao watatu watatu na hawajabatizwa popote!" Lakini la chai halikuwachekesha. Katika matanga ya jirani mmoja, mama alipika, akawagawia watu, yeye mwenyewe asinywe. Vikombe vikarudi vimejaa. Tangu hapo hakuitwa tena.

Mwaka huu wa tisini na mbili, mwaka wa njaa, susu Ndululu akafa. Alikuwa mama yake baba, na mama ndiye aliyemtunza, akimwosha na kumlisha uji kwa kijiko. Safari hii msiba ulikuwa kwetu, na akina mama wa kanisa hawakuja mapema kusaidia. Mama akapika peke yake. Maji yalitoka mbali kwa punda na yaliingia yote kwenye ile sufuria.

Vijana wa kuchimba kaburi walikaa kwenye majembe yao. Kwetu hawagusi udongo kabla ya kunywa chai ya wenye msiba. Jua lilikuwa limeshapanda na susu alikuwa ndani, kwenye jeneza.

Baba mdogo Kivuva, ndugu yake baba, akasimama. "Mama Mutindi, onja tunywe."

"Kivuva, unajua siku hizi sinywi."

"Najua. Mama yangu alilishwa na mkono wako mpaka akafa. Leo sisi pia tulishwe, na wewe utuangalie tu?"

Nikaisogelea sufuria.

"Mimi nitaonja," nikasema.

"Wewe hukupika," akanijibu bila kunitazama.

Jonah alikuwa amekuja na shati lake jeupe. Akamsogelea mama, akasema polepole, "Dada, Mungu anaona. Kikombe kimoja hakitakufukuza."

"Niliahidi mimi, si wewe," mama akasema.

Aliutazama mlango wa nyumba ya susu. Kisha akachukua kikombe, akachota kwa upawa, akanywa. Hakuonja. Alikunywa chote, kama mtu anayekunywa dawa, akakigeuza ili wote waone kwamba hakuna kilichobaki.

Vijana wakanywa, wakachukua majembe. Susu alizikwa kabla ya jua kushuka, akawekwa kando ya baba. Mama Kavata alimkumbatia mama akasema, "Sasa umerudi kwetu! Jumapili tukuwekee nafasi." Mama akampa upawa. "Shika. Sitapika tena."

Jumapili tulienda kwa Wamormoni, kile chumba kilicho nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga. Mkate wa meza ya Bwana ukapitishwa kwenye sahani; kwao huula anayejiona ameshika ahadi yake. Ulipomfikia mama, aliishika sahani, akanipitishia bila kuchukua. Na maji, ambayo kwao ni badala ya divai, vilevile. Jonah aliona akainamisha kichwa.

Alimfuata nje baadaye. "Dada, hilo limeshapita. Mimi sikudai kitu."

"Si wewe unayedai," mama akasema. "Ninayemngoja anisamehe ni mwingine."

Njiani tulitembea mpaka kwenye mto uliomuua baba. Haukuwa na maji, mchanga mtupu. Mama akasimama.

"Mutindi, unadhani baba yako atanielewa?"

"Ulikuwa unamzika mama yake," nikasema.

Kisha akafunga leso yake upya, tukavuka.

Imepita miezi sasa. Kila Jumapili anavaa, anatangulia kufika, anapanga viti. Sahani ikija anaipokea kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akishika kikombe, halafu ananipa.