Mvi Juu ya Silikoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufagia.

Nilikuwa najifunza mwenyewe, kwa video za simu, kutengeneza transista moja tu, ile swichi ndogo ambayo chipu ya kompyuta hubeba kwa mamilioni. Nilifanyia kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba tunayopanga mtaani Migosi. Meza niliiweka pale palipokuwa na kitanda cha nyanya, aliyeletwa kutoka kijijini Asembo akiwa mgonjwa, akafia humo. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Hiyo redio yako itaongea lini?" Kwake transista ilikuwa redio. Nilimwambia ataisikia. Hakuisikia.

Kabla ya kila jaribio nilinyunyiza maji sakafuni, nikafagia hadi pembeni kabisa, kama mama alivyonifunza. Kisha nilipaka kipande cha silikoni, kitu kinachotengenezewa chipu, dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, nikachora mistari kwa mwanga huo, nikaichoma kwa asidi. Mistari ilikatika kila mara. Nikidhani ni uchafu wa mikono, niliinawa hadi ngozi ikapasuka.

Nilipobakiwa na kipande kimoja, nilichungulia kwa darubini kabla ya kukichoma. Unywele ulikuwa umelala juu ya mistari, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Ulikuwa mweupe. Kwetu hakuna tena mwenye mvi.

Nilimwita mama. Aliinama, akachungulia.

"Ni nyanya yako," akasema. "Si nilijua hatoki bila kuona hiyo redio."

"Mama, mimi hufagia kila siku."

"Basi kila siku unamwamsha, baba."

Nilicheka, halafu nikaacha: ufagio wangu ndio uliokuwa ukiamsha. Vumbi la kuonekana lilitoka mlangoni. Lile laini nililirusha hewani mwenyewe, likashuka polepole juu ya kazi yangu. Kwa mistari myembamba kuliko unywele, chembe moja ni jiwe. Mwanga haupiti, mstari unakatika, na ukishachoma hakuna kufuta. Ndiyo maana viwandani hewa huchujwa na watu hujifunika hadi uso: uchafu mwingi ni ngozi na nywele zetu. Hakuna video iliyoniambia kwamba hata wafu wamo.

Niliiosha ile dawa, nikaanza upya ndani ya boksi la plastiki lenye kichujio cha hewa. Safari hii taa ndogo niliyoiunganisha na transista iliwaka. "Imeongea," nikasema kwa sauti, nikangoja kidogo.

Siku hizi sifagii. Napangusa meza kwa kitambaa chenye maji, na chini ya meza, pale alipolala nyanya, sipagusi.